Nyumba Katika Kijiji cha Theluji: Tununue au Tukodi?



Ijumaa moja ya majira ya baridi, baada ya sala, akina baba watano vijana walitusimamisha mlangoni kabla hatujamaliza kuvaa viatu vyetu vya theluji. Mkononi walikuwa na karatasi yenye picha ya nyumba nzuri ya mbao, nyuma yake mlima mweupe, mbele yake maji ya samawati yasiyo na mwisho. Walisema: “Mwalimu, tumekusanya dola elfu kumi na mbili kila familia. Tunataka kununua nyumba hii kwa shirika, kule Lutsen, kwenye kijiji cha kuteleza juu ya theluji. Dalali anatuhimiza tuharakishe. Wewe waonaje?”

Twakiri kwamba jambo la kwanza lililotujia ni kicheko. Watu wa Mombasa, Tanga, Unguja na Barawa, ambao mababu zao waliona barafu ndani ya gilasi ya sharubati tu, leo wanunue nyumba mlimani ili wateleze! Lakini mzee hapaswi kucheka kabla hajasikiliza. Dola elfu sitini si pesa ya kuchezea. Ndani yake mna zamu za usiku za hospitali, mna teksi zilizoendeshwa hadi alfajiri, mna michango ya akina mama waliojinyima. Tukaomba muda wa mwezi mmoja. Tukasoma, tukauliza, na tukaenda kupaona mahali penyewe. Haya ndiyo tuliyoyapata, nasi tunayaweka hapa ili yawafae na wengine, maana tumesikia kwamba si hao watano tu wenye wazo hilo.

Kijiji chenyewe

Lutsen ipo katika Kaunti ya Cook, pembe ya kaskazini-mashariki kabisa ya Minnesota. Kutoka kwetu Minneapolis na Saint Paul ni karibu maili 245: kwanza hadi Duluth, kisha karibu maili 90 nyingine kwa Barabara Kuu nambari 61, ambayo huandama ukingo wa Ziwa Superior mithili ya mzee aandamaye ukuta usiku. Hesabu saa nne na nusu kwa siku njema. Siku ya dhoruba, mwachie Mola.

Kabla ya yote yafaa ikumbukwe kwamba nchi hiyo ilikuwa na wenyewe. Waojibwe waliishi hapo, na wangali wanaishi, hasa Grand Portage karibu na mpaka wa Kanada. Ardhi ile iliingia mikononi mwa Serikali ya Marekani kwa mkataba wa La Pointe wa mwaka 1854. Miaka ya 1880 akaja Msweden, Charles Axel Nelson, akakaa kando ya mto, akavua samaki na kupokea wageni. Jina la Lutsen latokana na Lützen, uwanja wa vita huko Ujerumani ambako mfalme wa Sweden, Gustavus Adolphus, aliuawa mwaka 1632. Kwa hiyo hata yeye, mgeni yule, alibandika ukumbusho wa kwao juu ya ardhi ya ugenini, kama sisi tuitavyo maduka yetu Lamu na Zanzibar.

Mwaka 1948 familia ya Nelson ilifungua mlima kwa watelezaji. Binti wa familia hiyo, Cindy Nelson, alipata medali ya shaba katika Olimpiki ya Innsbruck mwaka 1976. Leo vilele vinavyotumiwa ni vinne, na vipo vigari vya kuning’inia kwenye waya vinavyowapeleka watu juu.

Wauzaji hukiita kijiji cha milimani cha mwaka mzima. Neno hili litazameni vizuri. Zermatt ya Uswisi na Hintertux ya Austria zina barafu ya kudumu iliyo juu sana, na huko watu huteleza hata mwezi wa Julai. Lutsen haiko hivyo. Theluji huanza kufaa Novemba na huisha Aprili hivi, na sehemu yake hutengenezwa kwa mashine. “Mwaka mzima” hapa maana yake ni kwamba biashara haifungwi: majira ya joto kuna njia za kutembea msituni na vigari vya kushuka mlimani, mwishoni mwa Septemba watu humiminika kutazama majani yanavyogeuka rangi. Baina ya misimu hiyo, hasa Aprili iingiapo na matope na Novemba kabla ya theluji, kijiji husinzia, na nyumba iliyokusudiwa kupangishwa husinzia nacho.

Wala tusidanganywe na neno mlima. Kilele kirefu kuliko vyote vya Minnesota, ambacho kipo katika kaunti hiyo hiyo, kina mita 701. Kilimanjaro yetu ina mita 5,895, yaani zaidi ya mara nane. Lakini ziwa, subhanallah! Kwa upana wa uso wake, Superior ni la kwanza duniani miongoni mwa maziwa ya maji baridi, na la pili ni Victoria. Baadhi yetu tumezaliwa Mwanza na Kisumu, kando ya la pili, na riziki imetuleta kuishi karibu na la kwanza. Tuliposali Adhuhuri juu ya mkeka kando ya maji yale, upepo ukitukata mashavu, mtoto mmoja aliuliza kama ng’ambo kunaonekana Uganda.

Si jambo la kuchekwa

Kicheko chetu cha mlangoni kiliishia siku hiyo. Tuliwaona watoto wetu wakianguka, wakiinuka, wakishuka tena, mabinti na mitandio yao chini ya kofia ngumu. Hakuna aliyewauliza wametoka wapi. Mlima humjua anayeweza kusimama na asiyeweza.

Tukamkumbuka Philip Boit wa Kenya, mkimbiaji aliyekwenda kushiriki mbio za skii katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Alikuwa wa mwisho katika kilomita 10. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngojea kwenye mstari hadi alipofika, akamkumbatia. Na Boit akaja kumpa mwanawe jina la Dæhlie. Mwaka 2018 akaja Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyelelewa Austria, akaiwakilisha Kenya katika kuteremka mlima huko Pyeongchang. Na ndugu zetu wa Ghuba wana mlima wa theluji ndani ya jengo, Dubai, tangu mwaka 2005. Basi theluji si ya kabila moja.

Hata hivyo, kupenda mahali ni jambo moja, na kupamiliki ni jambo jingine. Mtu hupenda bahari bila kununua jahazi. Hebu tuzitazame hesabu.

Unanunua nini hasa?

Nyumba nyingi katika vijiji vya namna hii si nyumba za peke yake. Ni makao ndani ya kondominiamu: wewe wamiliki vyumba vyako, lakini paa, ukuta wa nje, njia na mabomba makuu ni ya wamiliki wote kupitia chama chao. Chama hutoza ada kila mwezi, uwepo usiwepo. Paa likiharibika na akiba haitoshi, kila mmiliki hutozwa mchango wa ziada. Katika jimbo letu sheria ya umiliki wa namna hii ilianza kutumika mwaka 1994, nayo humlinda mnunuzi: muuzaji hana budi kumpa hati ya maelezo ya chama, inayotaja ada, akiba, madeni na kesi ikiwa zipo, na mnunuzi ana siku kumi tangu aipokee za kuvunja mapatano. Dalali anayesema “mtaisoma baadaye” ananyang’anya ngao mliyopewa na sheria.

Ipo kodi ya majengo, ilipwayo mara mbili, Mei 15 na Oktoba 15. Nyumba unayokaa mwenyewe hupata nafuu ya makazi. Nyumba ya mapumziko haiipati, na juu yake hutozwa pia kodi ya jimbo ambayo nyumba ya makazi haitozwi. Ukiipangisha kwa wageni wa siku chache, wahitaji leseni ya kaunti, wakusanya kodi ya malazi, na daraja la kodi yako laweza kubadilika. Iko bima, na asiyeona haja yake akumbuke kwamba jengo maarufu la Lutsen Lodge, lililokuwa kando ya ziwa, liliteketea lote kwa moto Februari 2024. Upo umeme na gesi, maana nyumba isiyo na mtu lazima ipashwe joto, ama sivyo mabomba hupasuka.

Tulikaa na wale vijana tukafanya hesabu ya mfano. Tarakimu ni za kufundishia tu, kila nyumba ina zake. Tuseme bei ni dola 300,000. Ada ya chama dola 700 kwa mwezi, yaani 8,400 kwa mwaka. Kodi 3,000. Bima, joto na matengenezo 3,600. Jumla ni dola 15,000 kila mwaka, kabla hujalipa hata senti moja ya bei yenyewe. Kila familia 3,000.

Sasa siku za kutumia. Msimu wa theluji una wikiendi 20 hivi. Kwa familia tano, kila moja hupata wikiendi nne, yaani usiku nane. Ongezeni juma moja la likizo ya kiangazi: usiku 15. Gawanyeni 3,000 kwa 15: dola 200 kwa usiku, na nyumba bado haijalipwa! Kwa kiasi hicho tuliweza kupata pa kulala siku za katikati ya juma bila ada, bila kodi, bila kuamshwa usiku kwa simu kwamba bomba limepasuka.

Kijana mmoja alisema: “Tutaipangisha siku zilizobaki.” Ni kweli, na wapo wanaofaulu. Lakini siku ambazo wageni huzitaka kwa bei nzuri ndizo zile zile watoto wetu wanazozitaka: Jumamosi za Februari na majani ya Septemba. Mwenye nyumba ya kupangisha hulala siku ambazo mgeni hakutaka.

Suala la riba

Dola elfu sitini ni asilimia 20 ya bei ya mfano wetu. Asilimia 80 itatoka wapi? Hapa ndipo penye uzito, maana tofauti ya nyumba yenye baraka na nyumba yenye lawama ni mkataba.

Njia zisizo na riba zipo Marekani. Mwaka 1997 ofisi ya Serikali isimamiayo mabenki ya taifa iliruhusu benki moja kuuza nyumba kwa njia ya ijara, na mwaka 1999 ikaruhusu murabaha. Katika murabaha mwenye mtaji hununua nyumba kisha hukuuzia kwa bei iliyotajwa, yenye faida yake iliyojulikana tangu mwanzo, nawe hulipa kwa awamu; bei haizidi ukichelewa. Katika musharaka inayopungua, wewe na mwenye mtaji mwamiliki pamoja. Kila mwezi walipa ujira wa kutumia sehemu yake na wanunua kipande cha sehemu hiyo, mpaka yote iwe yako. Guidance Residential ilianza kazi kwa njia hii mwaka 2002, na Devon Bank ya Chicago nayo ina mlango wake. Hapa mjini kwetu, African Development Center, aliyoiasisi marehemu Hussein Samatar, Mola amrehemu, ilikuwa miongoni mwa waliotangulia kuwatafutia Waislamu mitaji isiyo na riba. Kabla ya kutia sahihi, muulizeni mwenye mtaji swali moja la wazi: je, mwagharimia nyumba ya pili, ya mapumziko, inayomilikiwa na watu watano? Msidhani kwamba anayekubali nyumba ya makazi atakubali na hii.

Wapo watakaosema: “Mbona wanazuoni wameruhusu mkopo wa kawaida katika nchi za wachache?” Wanakusudia fatwa ya Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti ya mwaka 1999. Wengi waitajao hawajaisoma. Iliruhusu kwa sababu ya haja, tena kwa masharti: njia ya halali iwe haipatikani, nyumba iwe ya kukaa mnunuzi na ahali zake, asiwe na nyumba nyingine, na asiwe na mali ya ziada ya kumwezesha kununua kwa njia nyingine. Na wanazuoni wengine wengi hawakuikubali hata kwa masharti hayo. Sisi si mufti, na maimamu wetu wapo waulizwe. Lakini hata tukiishika fatwa hiyo kwa mikono miwili, haifiki Lutsen. Nyumba ya kuteleza si dharura, wala si haja. Ni starehe ya halali, na starehe ya halali hutafutwa kwa njia ya halali au huachwa.

Kidonda chetu wenyewe

Aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka. Sisi tumeumwa, na tumenyamaza miaka mingi kwa haya. Leo tunasema, huenda ikamfaa mtu.

Tulipokuwa bado kazini, tulitamani nyumba isiyo na riba. Akatujia mtu mwenye ulimi wa asali, akatwambia: “Hapa hakuna benki, hakuna riba. Mnanilipa mimi kidogo kidogo, na hati mtaipata mwisho.” Tukatoa arubuni iliyokuwa akiba ya miaka tisa. Bei ilikuwa kubwa kuliko thamani, lakini tulijiambia hiyo ndiyo gharama ya kuepuka haramu. Hatukuleta mkaguzi, hatukuleta wakili. Ndani ya mkataba mlikuwa na kifungu cha lipo moja kubwa baada ya miaka michache, na hatukukifahamu, ingawa tulikuwa tumefundisha watu kusoma maisha yetu yote. Siku ya lipo ilipofika hatukuwa nalo. Nyumba ikarudi kwake, na arubuni ikabaki kwake. Tulitoka mwezi wa Machi, theluji ingali chini, watoto wakibeba vyombo vyao.

Mkataba wa namna hiyo, ambao muuzaji hubaki na hati hadi lipo la mwisho, si haramu kwa sheria ya nchi, na baina ya watu waaminifu huweza kufaa. Lakini kwa miaka mingi sheria ya jimbo ilimwezesha muuzaji kuuvunja mkataba kwa ilani ya siku 60 tu, na yote uliyolipa yakapotea. Mwaka 2022 waandishi wa ProPublica na Sahan Journal waliandika jinsi familia za Kisomali za hapa Minnesota zilivyouziwa nyumba kwa mikataba ya aina hii kwa jina la kuepuka riba. Mwaka 2024 Bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuwabana wawekezaji wauzao hivyo, pamoja na kuwataka wampe mnunuzi maelezo mapema, kabla hajafunga mapatano. Sheria imeboreka, tamaa ya binadamu haijaboreka. Basi yeyote akikwambieni “haina riba”, mwambieni: “Alhamdulillahi, sasa tuonyeshe hati iko kwa nani.” Kutokuwepo kwa neno riba hakuufanyi mkataba kuwa wa haki. Dhuluma nayo ni haramu.

Shirika la ndugu

Wale vijana watano wamesoma madrasa moja, wameoana kwa wao. Tulipowauliza mkataba wao uko wapi, walitazamana. “Sisi ni ndugu, Mwalimu.” Ndiyo maana yahitajiwa karatasi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Baqara, haikuja kuzungumzia vita wala ufalme. Ilikuja kuamrisha deni liandikwe na mashahidi wawepo. Haikuwatoa ndugu katika hukumu hiyo.

Katika karatasi hiyo yaandikwe haya: kila mmoja ametoa kiasi gani, nani hutumia Jumamosi zipi, mmoja akipoteza kazi, nani atamlipia ada, na je, ni mkopo au ni sadaka, anayetaka kutoka, sehemu yake itathaminiwa na nani, na wenzake wana muda gani wa kuinunua. Yaandikwe pia yale yanayotia aibu kuyataja: wawili wakigombana, wawili wakiachana, mmoja akihamia Texas.

Na yaandikwe mauti. Hapa pana shimo ambalo wengi hawalioni. Katika jimbo hili watu wakimiliki pamoja bila kusema zaidi, kila mmoja huwa na sehemu yake, na akifa sehemu hiyo huenda kwa warithi wake. Lakini hati ikitamka umiliki wa pamoja wenye haki ya aliyebaki, basi anayefariki sehemu yake yote humwangukia mwenzake, na mjane na mayatima hawapati hata tofali. Huo sio mirathi tuliyofundishwa. Neno moja ndani ya hati hubadili hatima ya watoto. Tangu mwaka 2008 ipo pia hati ya kuhamisha nyumba baada ya kifo bila kupitia mahakamani. Nayo ni nzuri ikiandikwa kwa mafungu ya sharia, na ni balaa ikiandikwa kwa pupa. Wakili aitwe kabla ya sahihi, wala sio baada ya mazishi.

Kuhusu zaka: nyumba ya kutumia mwenyewe haina zaka; iliyonunuliwa ili iuzwe ni mali ya biashara; ya kupangisha, zaka huangaliwa katika mapato. Kila mshirika atoe hesabu yake.

Tuliyowaambia

Tuliwauliza swali la mwisho, ambalo yawezekana lilipaswa kuwa la kwanza: “Ni wangapi kati yenu mnaokaa katika nyumba zenu wenyewe?” Wakainua mikono wawili. Watatu wangali wanapanga huko Brooklyn Park na Saint Paul, na mmoja kati yao alikuwa amepandishiwa kodi majuzi. Pia wote watano wanatuma pesa nyumbani, na wawili wana viwanja Mtwapa na Bagamoyo ambavyo kuta zake hazijafika linta. Mmoja, ambaye ameuchukua uraia wa hapa bila kushughulikia ule wa Kenya, hakujua kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humpa asiye raia ardhi kwa kukodi tu, isiyozidi miaka 99. Huyo ana nyaraka za kutengeneza upesi kuliko paa la Lutsen.

Ushauri wetu ulikuwa huu. Kodini kwa misimu mitatu, kila mara mahali tofauti, na nendeni pia mwezi wa Aprili wenye matope mkakione kijiji kikiwa hakijajipamba. Akiba msiitawanye. Ifanyeni mfuko wa karadha njema, kila mmoja sehemu yake ikiwa imeandikwa, uanze kumsaidia mmoja wa wale watatu kupata arubuni ya nyumba ya kukaa, kwa njia ya halali. Naye akirudisha, afuate wa pili, kisha wa tatu. Baada ya hapo, ikiwa moyo ungali Lutsen, nendeni mkanunue mchana kweupe, na wakili mkononi.

Wanne walikubali. Wa tano hakukubali, na uadilifu wataka tumtaje. Alisema: “Mwalimu, ninyi mna Unguja ya kukumbuka. Mkiwa na huzuni mwafumba macho mwaiona Forodhani. Wanangu hawana Forodhani. Wamezaliwa katika theluji hii. Nani atawapa mahali pa kukumbuka kama sisi wazazi wao hatuwapi?” Hatukuwa na jibu la haraka, na mpaka leo tunalitafuta. Hesabu zetu ni sahihi, lakini swali lake nalo ni sahihi. Tulimwambia tu kwamba sisi Forodhani hatukuinunua. Tulipelekwa na baba zetu jioni kwa jioni, tukanunuliwa mishikaki, tukarudishwa nyumbani. Na bado ni yetu.

Februari familia zote tano zilikodi nyumba mbili kwa siku nne. Akina mama walipika pilau, na moshi wa bizari ukawafanya majirani watoke kuuliza. Yule wa tano ndiye aliyeteleza kuliko wote. Mfuko umeshaandikwa, una sahihi kumi, za waume na za wake, na mashahidi wawili. Na wa kwanza kusaidiwa ameanza kutazama nyumba, pamoja na mkaguzi.

Msomaji mwenye uzoefu wa kununua nyumba, ya makazi au ya mapumziko, kwa heri au kwa shari, atuletee maelezo yake baada ya sala ya Ijumaa, nasi tutayachapa bila kumtaja jina. Haya yetu ya kunyamaza ndiyo mtaji wa mwenye ulimi wa asali.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam.